KUPIMA KISOMO: NI NANI ANAYEJUA KUSOMA?

Mkulima amesimama mbele ya mizani ya pamba. Karani anapima mzigo, kisha anaandika stakabadhi: kilo 36, bei ya kilo moja shilingi 25, jumla shilingi 800. Mkulima huyu amehudhuria darasa la kisomo. Jina lake analisoma bila taabu, na neno "pamba" analitamka bila kusita. Lakini je, ataona kwamba jumla hiyo ingepaswa kuwa shilingi 900? Kama haoni, ni halali kumwandika katika orodha ya watu wanaojua kusoma, kuandika na kuhesabu?

Swali hili si la mkulima peke yake, bali pia ni la sayansi ya upimaji. Mtu anayepima urefu wa meza ana rula, na anayepima joto la maji ana kipimajoto. Ujuzi wa kusoma umo ndani ya kichwa cha mtu, wala hauonekani. Kinachoonekana ni matendo yake tu: anatamka, anaandika, anajibu. Kutokana na matendo hayo mpimaji hukisia ujuzi uliofichika, na hapo ndipo makosa yanapoingia.

Jambo la kwanza ni kukubaliana juu ya kitu kinachopimwa. Mwaka 1958 UNESCO ilieleza kwamba anayejua kusoma na kuandika ni mtu awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na rahisi juu ya maisha yake ya kila siku. Mwaka 1978 shirika hilo liliongeza maana nyingine: ujuzi huo umwezeshe mtu kushiriki katika shughuli za jamii yake zinazohitaji kusoma, kuandika na kuhesabu. Maana ya kwanza hutazama sentensi iliyo mbele ya mtu. Maana ya pili hutazama sokoni, shambani na zahanati.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojaribu kuzipima maana zote mbili kwa pamoja. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni ya kufuta ujinga ilienea nchi nzima, na mwezi Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa taifa. Wanakisomo waliojiandikisha walikuwa kiasi cha milioni 5.2, na waliofanya mtihani kiasi cha milioni 3.8. Waandaaji hawakuridhika na majibu mawili tu, "anajua" au "hajui". Waligawa ujuzi katika hatua nne. Hatua ya kwanza ilikuwa ya aliyejiandikisha na kuhudhuria angalau theluthi mbili ya masomo. Ya pili ilikuwa ya anayetambua maneno na alama, na kuandika silabi na tarakimu, au anayeweza pia kusoma na kuandika sentensi fupi yenye maana, na kujumlisha na kutoa tarakimu moja moja. Ya tatu ilimtaka mtu asome kwa ufasaha na kuelewa, aandike ujumbe mfupi, azidishe na kugawanya. Ya nne ilimtaka asome gazeti, na kuweka hesabu ya mapato na matumizi yake. Waliofikia hatua ya tatu na ya nne walikuwa kiasi cha milioni 1.4. Mkulima wetu wa pamba huenda yumo katika hatua ya pili, lakini stakabadhi yake inadai hatua ya tatu.

Kipimo kizuri lazima kiwe na sifa mbili. Kwanza kiwe thabiti, yaani kitoe jibu lile lile kikitumiwa tena au na mtu mwingine. Pili kiwe halali, yaani kipime kile kinachodaiwa kupimwa. Mizani iliyoharibika inaweza kupunguza kilo mbili kila siku bila kubadilika. Mizani hiyo ni thabiti, lakini si halali.

Katika kisomo, uhalali hupotea kwa njia nyingi. Njia ya kwanza ni kukariri. Mwanakisomo aliyekaa na kitabu kimoja kwa miezi mingi anaweza kukighani chote huku macho yake yakitazama pengine. Kwa sababu hiyo mtihani hauna budi kutumia sentensi ambazo hajapata kuziona, zilizoundwa kwa maneno anayoyajua.

Njia ya pili imo katika uzuri wa maandishi ya Kiswahili yenyewe. Kwa kuwa karibu kila herufi ina sauti yake, aliyezijua silabi aweza kutamka neno lolote, hata lisilo na maana. Mpime kwa maneno ya kubuni kama "lefudo", "gapemi" na "tobeku": akiyatamka sawasawa, amethibitisha kwamba anafumbua herufi kwa kweli, wala hakariri. Lakini mfano huo huo unaonyesha kwamba kutamka si kuelewa. Vipimo hivyo viwili havina budi kutenganishwa.

Njia ya tatu ni bahati nasibu. Mtihani wa maswali kumi, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua, humpa asiyejua kitu wastani wa alama mbili na nusu. Ukiwa wa "kweli" au "si kweli", humpa alama tano.

Yapo pia makosa yanayomwonea mtu. Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kukaza maandishi ya karibu. Mama wa miaka hamsini akipewa karatasi yenye herufi ndogo, jioni, kwenye mwanga wa kibatari, mtihani huo unapima macho yake. Kadhalika katika kuandika: mtu ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi "r" na "l" anaweza kuandika "nimereta" badala ya "nimeleta". Ujumbe umefika. Akiandika "kura" badala ya "kula", ujumbe waweza kupotea. Bila mwongozo wa kusahihisha, mwalimu mmoja atampa alama saba na mwingine alama nne kwa barua ile ile, na uthabiti umekwisha.

Kasi nayo ina sababu yake ya kisayansi. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika maneno machache kwa sekunde chache tu. Anayesoma silabi kwa silabi hufika mwisho wa sentensi mwanzo wake ukiwa umekwisha kumtoka. Wanafunzi wa sekondari waweza kulishuhudia jambo hili darasani. Mmoja apindue kitabu juu chini, asome kwa sauti mistari minne asiyoijua, na mwenzake apime sekunde. Kisha kitabu kifungwe na msomaji aeleze alichosoma. Jaribio lirudiwe kwa mistari mingine, kitabu kikiwa wima, na matokeo yalinganishwe. Atakayekwama kueleza maana ataonja hali ya mwanakisomo mpya, ijapokuwa akili yake haikupungua hata kidogo.

Tahadhari hizi ni za lazima pia katika kusoma takwimu. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika Tanzania walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1975 kiwango kilishuka hadi 39, na mwaka 1986 hadi 9.6. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kiasi cha 22 hawakujua. Hata hivyo, mtihani humtaka mtu aonyeshe, na sensa humtaka aseme tu, au asemewe na mkuu wa kaya. Tarakimu zilizotoka katika mizani mbili tofauti hazitoshi kuthibitisha ni kiasi gani kimepungua. Uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2006, uliowapima watu wenyewe, ulikuta asilimia 61.5 wamefikia kiwango cha chini, lakini waliofikia kiwango cha umahiri walikuwa asilimia 29.6 tu. Mtu aliye kati ya viwango hivyo viwili husoma jina lake, lakini maelezo ya dawa ya mtoto wake yanamshinda.

Ikiwa amehesabiwa kuwa amehitimu, darasa lake hufungwa na kitabu cha kujiendeleza hakimfikii. Ujuzi usiotumika husahaulika, naye hurudi mizanini kama alivyokuwa zamani. Kosa la mpimaji halibaki katika karatasi ya takwimu, kwa kuwa mkulima hulilipa kwa shilingi 100 za pamba yake, msimu hata msimu.