Costa Rica: Nchi Iliyorudisha Misitu Yake

Apendaye kuona maajabu ya nchi za joto, naye akajaliwa nauli, asiache kuifikia Costa Rica, iliyoko Amerika ya Kati baina ya bahari mbili kuu. Ni nchi ndogo. Kenya yaizidi zaidi ya mara 11. Tangu mwaka 1948 haina jeshi.

Huko iko milima itoayo moshi. Katika misitu yenye ukungu ya Monteverde yuko ndege aitwaye ketzali, wa rangi ya kijani na kifua chekundu, na mkia wa dume hupita urefu wa mwili wake.

Lakini litakalomshangaza mkulima ni misitu yenyewe. Wenyeji waliikata ili kupata malisho ya ng'ombe, hata katika miaka ya 1980 ikabaki kadiri ya robo ya nchi. Sheria ya mwaka 1996 ikakataza kugeuza msitu kuwa shamba, na tangu 1997 mwenye ardhi hulipwa kwa kuitunza miti yake, fedha nyingine zikitoka katika kodi ya petroli. Si haki kuisifu sheria peke yake, kwani faida ya ng'ombe wa nyama nayo ilikuwa imepungua. Leo misitu yafunika zaidi ya nusu ya nchi.

Kiangazi ni Desemba hadi Aprili. Lakini kasa wa Tortuguero hupanda pwani usiku kutaga mayai tangu Julai hata Oktoba, basi awatakaye na achukue koti la mvua.