Nani Kasema Mkimbizi Asinukie?

Ipo lawama ambayo nimeisikia Lodwar, na nikaisikia tena Kakuma, kwamba mtu anayelishwa na wahisani hana haki ya kujitia manukato. Lawama hiyo ilipata nguvu mwaka 2025, chakula cha msaada kilipopunguzwa mno kambini. Mama akionekana kwenye kibanda cha mafuta mazuri, wapambe huulizana: Je, huyu kweli ana njaa?

Nawapinga watu hao, kwani hawakijui wanachokilaani. Wao wakisikia manukato huwaza vioo vya Nairobi vyenye majina ya Kifaransa. Kumbe kinachouzwa na Wasomali pale Kakuma ni kichupa cha atari kisichozidi kidole, kwa bei ya soda chache. Niipendayo mimi ni ile waiitayo ambari: nzito, tamu kidogo, mfano wa chai ya rangi iliyotiwa mdalasini na karafuu.

Jina hilo lina historia ndefu. Ambari halisi hutoka tumboni mwa nyangumi, na al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliisifu ile ya pwani ya Zanj. Kaharabu ni kitu kingine, ulimbo uliogeuka jiwe. Ndani ya kichupa cha bei nafuu hamna hiki wala kile. Watengenezaji wa manukato huita ambari mchanganyiko wa labdanamu, ulimbo wa kichaka cha nchi za Mediterania, pamoja na ubani wa Jawa na vanila, au mfano wake uliotoka maabara. Mimi sioni udanganyifu hapo, maadamu muuzaji hadai bei ya nyangumi.

Tena mafuta hayo yanaifaa Turkana. Mchana wa Lodwar hupita nyuzi 35 mara nyingi, na marashi ya kupuliza yenye spiriti huruka upesi. Mafuta hukaa. Lakini joto lilo hilo huikuza harufu tamu, hivyo tone moja nyuma ya sikio latosha. Anayejipaka matano kisha akaingia matatu ya Kakuma huwaadhibu wenzake kwa kilomita zipatazo 120. Mwenye ngozi nyepesi ajaribu kwanza ndani ya kiwiko, kwani mdalasini na karafuu huwasha.

Lililo zito zaidi ni hili. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na wengi walioingia hawakuwa na mzigo. Walichobeba ni ujuzi. Msomali ajua kupika uunsi: huyeyusha sukari, akatia ulimbo na mafuta mazuri, kisha vipande vikafukizwa juu ya makaa katika chetezo kiitwacho dabqaad. Mhabeshi hakaribishi mgeni kwa kahawa bila ubani kufuka kando. Mwanamke wa Kisudani ana khumra yake ya sandali na karafuu. Mtu aliyepoteza nyumba, ng'ombe na jamaa, akiihifadhi harufu ya kwao katika kibanda cha mabati, mwamwita mbadhirifu? La hasha! Na yule anayemuuzia ni mfanyabiashara anayelisha watoto bila kadi ya mgao.

Linalonikera ni kwamba mafuta mengi ya vibandani hutoka Dubai na India, ilhali kaskazini mwa Kenya kuna miti itoayo ulimbo. Wajir na Marsabit huuza ubani na manemane. Turkana kuna gundi ya mgunga, ambayo hainukii lakini hushikanisha unga wa ubani ukawa kidonge cha kufukiza. Bidhaa hizo huondoka kwa magunia, zikiwa ghafi.

Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wasema Kakuma igeuzwe makazi ya pamoja ya wenyeji na wakimbizi. Vyema. Basi serikali ya kaunti iliyoko Lodwar na iwakutanishe Mturkana mgema gundi na Msomali mpika uunsi, iwapatie leseni moja na kibanda kimoja sokoni. Mtaji wa kuanzia ni jiko la makaa, sufuria, sukari na gunia la ubani kutoka Marsabit.