Usikisie ugonjwa wa zinaa, nenda ukapime

Wagonjwa wengi huniuliza: "Daktari, mbona sina dalili yoyote, nipime ya nini?" Ndugu msomaji, magonjwa mengi ya zinaa hukaa mwilini kimyakimya. Mwanamke anaweza kuishi na kisonono au klamidia kwa miezi bila kuhisi chochote, huku mirija yake ya uzazi ikiharibika.

Kaswende hudanganya zaidi. Huanza na kidonda kisichouma sehemu za siri. Baada ya wiki tatu hadi sita kidonda hupotea chenyewe, mtu akadhani amepona, kumbe vijidudu vimo kwenye damu. Kwa mjamzito asiyetibiwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akafia tumboni au akazaliwa na ugonjwa.

Kipimo chake ni tone la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana ndani ya dakika 20 hivi. Tiba ni sindano ya penisilini, ambayo humkinga na mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana mama hupimwa kaswende na VVU anapoanza kliniki, na baba huombwa aje naye. Baba, majibu ya mkeo si majibu yako. Nenda upimwe wewe mwenyewe.

Kwa wasomaji wa Mchukwi na maeneo mengine ya Kibiti na bonde la Rufiji, kuna jambo la kuongeza: kichocho. Ugonjwa huu huambukizwa mtu anapoingia kwenye maji baridi yenye konokono wanaoubeba, iwe bwawani, mferejini au kwenye majaruba ya mpunga. Huleta mkojo wa damu na, kwa wanawake, uchafu ukeni, kutokwa damu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Dalili hizi hufanana na za magonjwa ya zinaa, hivyo binti asiyemjua mwanaume anaweza kutuhumiwa bure.

Mzazi, kabla hujamkaripia mwanao, mpeleke apimwe. Mkojo unaofaa ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi muda huo. Dawa ipo, prazikwanteli. Kama mkojo hauonyeshi kitu na dalili zinaendelea, mrudishe kwa uchunguzi zaidi.

Usikimbilie kununua vidonge dukani kwa kubahatisha. Kisonono kimekuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, na hakuna antibayotiki inayotibu kichocho.

Tiba sahihi huokoa wengi. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1995, ulionyesha kuwa palipoboreshwa tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40.

Ukikutwa na ugonjwa wa zinaa, mwambie mwenzako atibiwe pia, la sivyo mtaambukizana upya. Msikutane kimwili hadi zipite siku saba baada ya wote wawili kumaliza tiba. Kama ulijiweka hatarini hivi karibuni na majibu ni mazuri, rudia kupima VVU na kaswende baada ya miezi mitatu. Usione haya kumweleza mhudumu wa afya. Majibu yako ni siri yako.