Watoto Waliokuwa Wakifichwa Nyumbani: Habari za Ukingo wa Ziwa

Katika hesabu ya watu iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2019, watu 918,270 wenye umri wa miaka mitano na zaidi waliandikwa kuwa na ulemavu wa namna moja au nyingine, yaani watu wawili na ushei katika kila mia. Lakini kiasi hicho hakikulingana kila mahali. Kaunti tano zilizoongoza zilikuwa Embu, Homa Bay, Makueni, Siaya na Kisumu, na msomaji anayeijua ramani ataona mara moja ya kwamba tatu kati ya hizo zinapakana na Ziwa Victoria. Homa Bay ilikuwa na asilimia 4.3, Siaya 4.1 na Kisumu 3.7, hali nchi nzima ilikuwa na asilimia 2.2.

Haifai kuzisoma tarakimu hizo kwa haraka. Hesabu ya mwaka 2009 ilitoa asilimia 3.5 kwa nchi nzima, na miaka kumi baadaye asilimia hiyo ikashuka. Watu hawakupona. Maswali ndiyo yaliyobadilika: mara ya pili kila mtu aliulizwa kama anapata shida katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuzungumza, na waliohesabiwa ni wale tu walio na shida kubwa au wasioweza kabisa. Watoto walio chini ya miaka mitano waliachwa nje. Tena karani wa hesabu humwandika yule anayetajwa na mwenye nyumba. Mtoto aliyefungiwa chumba cha ndani hana njia ya kujitaja mwenyewe. Kwa hiyo yawezekana ya kwamba kaunti za ziwani zina hesabu kubwa, si kwa sababu ya maradhi tu, bali pia kwa kuwa wazazi wa huko wamejifunza kumtaja mtoto huyo mbele ya mgeni. Kama ndivyo, basi ni jambo la kujivunia, na halikuja kwa siku moja.

Zamani katika nchi ya Wajaluo, kama katika nchi nyingi, mtoto aliyezaliwa na kasoro ya mwili alileta maswali mengi kwa wazazi wake. Wapo waliosema ya kwamba ni chira, yaani msiba unaomfuata mtu aliyevunja mwiko wa ukoo. Wapo waliomlaumu mama peke yake. Na kwa kuwa kumwonyesha mtoto kulikuwa sawa na kulitangaza kosa, alifichwa. Si kwamba hakupendwa. Mara nyingi mama alimlisha na kumwosha kwa uangalifu kuliko wenziwe, ila hakumtoa nje siku ya wageni, wala jina lake halikupelekwa shuleni.

Hata hivyo, upofu mwingi wa Nyanza ulikuwa na asili nyingine kabisa. Kando ya mito yenye misitu, kama huko Kodera, aliishi usubi, inzi mdogo mweusi anayeuma na kuingiza mwilini vijidudu ambavyo baada ya miaka mingi hufika machoni. Watu wazima wa vijiji vya mtoni walikuwa wakipofuka na kuongozwa na wajukuu kwa fimbo. Mwaka 1946 wataalamu Garnham na McMahon walitia dawa ya DDT katika mito ya Kodera, na usubi wa huko wakatoweka. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyejua mahali wanapokulia funza wa inzi hao, maana hawakuonekana juu ya mawe wala majani ya mtoni. Mwaka 1950 ikatangazwa ya kwamba wanakaa juu ya magamba ya kaa wa maji baridi! Hata kufikia katikati ya miaka ya 1950 usubi wa aina hiyo walikuwa wamekwisha kufutwa katika mito ya Nyanza, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuonja tena balaa hiyo. Ushindi huo hautajwi sana siku hizi, ingawa yako maradhi machache katika Afrika yaliyoshindwa upesi namna ile.

Waliokwisha kupofuka, pamoja na wale waliopofushwa na surua, trakoma au ajali, walibaki wakihitaji elimu. Jeshi la Wokovu lilikuwa limeanzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946, ya kwanza nchini, lakini kutoka Nyanza mpaka Thika ni safari ndefu kwa mtoto mdogo asiyeona. Shule ya vipofu ya Kibos, karibu na Kisumu, ilianzishwa na Jeshi hilohilo mwaka 1963. Huko Nyang'oma, upande wa Bondo, Wakatoliki walifungua shule ya viziwi mwaka 1961, mwaka uleule ilipofunguliwa nyingine Mumias. Baadaye Kisumu ikapata Joyland, shule ya Jeshi la Wokovu kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, ambao wengi wao siku zile walikuwa wamepatwa na polio.

Shule hizo zilifanya kazi kubwa, na watu waliosoma humo leo ni walimu, makarani na mawakili. Katika shule za viziwi kulitokea jambo la ajabu kidogo. Kwa miaka mingi walimu waliwataka watoto waitazame midomo ya msemaji na kujaribu kutamka maneno, wakiona ishara za mikono ni mchezo. Lakini usiku, mabwenini, watoto wenyewe walizungumza kwa mikono, wakubwa wakiwafundisha wadogo, hata ishara zile zikakua. Ndizo baadhi ya mizizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo mpaka leo ishara zake za Kisumu hutofautiana hapa na pale na za Mombasa, kama Kiswahili kinavyotofautiana. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha iliyokatazwa darasani ikaingia Bungeni.

Lakini shule ya bweni haiwezi kuwachukua wote, na karo yake si ya kila mvuvi. Tena mtoto anayekaa mbali miezi tisa kila mwaka hurudi nyumbani akiwa mgeni kwa ndugu zake. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 jambo lililofanyika Oriang, katika nchi ya Rachuonyo, liliwavuta watu wengi kwenda kulitazama. Shirika la Leonard Cheshire, lenye jina la rubani Mwingereza aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya wagonjwa mwaka 1948, lilisaidia shule tano za msingi za kawaida kuwapokea watoto wenye ulemavu pamoja na wengine. Hapakuwa na majengo ya fahari. Njia zilisawazishwa, madirisha yakapanuliwa ili asiyeona vizuri apate mwanga, vyoo vikarekebishwa, na walimu wakafundishwa kumtambua mtoto asiyesikia ambaye hapo kwanza alichapwa kwa kudhaniwa kuwa mkaidi. Kazi nyingi zilizobaki zilifanywa na watoto wenyewe: mmoja kusukuma kiti cha mwenzake, mwingine kumsomea aliyekaa naye ubao ulioandikwa.

Kati ya mwaka 2013 na 2017 shirika hilo, kwa fedha za Serikali ya Uingereza, liliendesha mradi mkubwa zaidi kwa ajili ya wasichana 2,050 wenye ulemavu katika shule 50 za msingi za Kisumu Mashariki, Siaya, Mbita, Migori na Kuria Mashariki. Msomaji atauliza kwa nini wasichana. Jibu linajulikana na kila mzazi wa kijijini: fedha zikipungua, msichana hutolewa shule kabla ya mvulana; na akiwa na ulemavu, hutolewa kabla ya wote. Hofu ya njiani nayo ni kubwa, maana msichana asiyesikia hawezi kumsikia anayemfuata nyuma, na asiyeweza kusema atamshtaki nani, na kwa lugha gani?

Kwanza watoto walipelekwa kuchunguzwa na watumishi wa vituo vya uchunguzi wa elimu, ambavyo Serikali ya Kenya ilianza kuvifungua mwaka 1984 kwa msaada wa Wadenmarki. Wako waliohitaji miwani tu. Wengine walipewa viti vya magurudumu, vifaa vya kusikia, sare au msaada wa safari. Lakini jambo lililoleta mabadiliko makubwa zaidi ni vikundi vya wazazi. Mama aliyedhani ya kwamba msiba huo ni wake peke yake alikutana na wenziwe wa kijiji cha pili, wakaanza kuchangishana fedha kidogo kidogo na kwenda pamoja kwa mwalimu mkuu au kwa chifu, wala si mmoja mmoja. Mtu mmoja akienda ofisini ataambiwa arudi kesho. Wanawake ishirini hawaambiwi hivyo kwa urahisi. Walichaguliwa pia wanaume wa kuzungumza na wanaume wenzao, kwa kuwa ilionekana ya kwamba baba wengi huwakimbia mama wa watoto hao, na neno la mwanamume mwenzao husikilizwa mahali ambapo neno la mwalimu halisikilizwi.

Miradi ya namna hiyo ina siku ya mwisho. Mtoto hukua na kiti chake kikawa kidogo, au gurudumu likavunjika, na aliyekitoa amekwisha kuondoka. Kiti kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali hakiwezi kushindana na udongo mweusi wa Kano wakati wa masika, mto Nyando unapofurika na njia kugeuka tope linalonasa hata ng'ombe. Mafundi wa baiskeli wa sokoni ndio wanaoviokoa viti hivyo, kwa spoki na mpira wa baiskeli ya kawaida. Kikundi cha wazazi kinachomjua fundi wa namna hiyo kimefanikiwa kuliko kile kinachongoja barua kutoka Nairobi.

Wengine hawakungoja hisani ya mtu yeyote. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanaume wenye miguu iliyodhoofishwa na polio walijulikana kwa miaka mingi kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Walivusha bidhaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na maofisa wa ushuru kwa kawaida hawakuwabana sana. Walijenga nyumba, wakaoa, wakasomesha watoto, wakaunda chama chao cha kutetea kazi hiyo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, ushuru ukapungua na faida yao ikapungua nayo. Wako watakaosema ya kwamba biashara ile haikuwa halali kabisa. Huenda. Lakini kijiji kilichomwona mtu asiyetembea akiezeka nyumba kwa mabati hakikuweza tena kusema ya kwamba yeye ni mzigo.

Kwa upande wa sheria mwendo ulikuwa wa pole. Chama cha kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo kilianzishwa Kenya mwaka 1958, na vyama vya watu wenyewe viliungana katika umoja mmoja wa nchi nzima mwaka 1989. Mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu aliunda jopo la kuzichunguza sheria zilizowahusu, na hata hivyo ilipita miaka kumi kabla ya Bunge kupitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003. Kutokana nayo likaundwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu mwaka 2004. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, ikatamka ya kwamba watu hao wana haki ya kuheshimiwa, kusoma, kufika mahali pa watu wote na kupanda magari ya abiria, na ya kwamba asilimia tano ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa ziwaendee hatua kwa hatua. Sheria mpya ikatiwa sahihi mwezi Mei 2025. Anayetaka kujua kama kifungu hicho kimetimizwa na aitazame matatu ya Kisumu inapopakia abiria, kisha atafute mahali ambapo kiti cha magurudumu kingeingia.

Hata lugha yenyewe imeguswa. Kipofu, kiziwi, kilema: Kiswahili cha zamani kiliwaweka watu hao katika ngeli ya kiti na kikapu, ijapokuwa kiliwapatanisha na watu kwa kusema "kipofu amekuja". Siku hizi husemwa mtu asiyeona, mtu asiyesikia, mtu mwenye ulemavu. Wazee wengine huona ni maneno marefu ya bure. Yule anayeitwa kwa maneno hayo haoni hivyo.

Mzazi wa Kisumu anayetaka mtoto wake aandikishwe na Baraza la Taifa ampeleke kwanza kwa madaktari wa hospitali ya Serikali iliyoruhusiwa kufanya uchunguzi huo. Mjini iko Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia. Achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chake mwenyewe. Madaktari wakikwisha kufanya uchunguzi, aulize Baraza hatua inayofuata. Kadi itakayotolewa ndiyo inayofungua njia ya kuomba vifaa na msaada wa masomo, na kwa mtu mzima aliyeajiriwa, msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi. Msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa una orodha yake mbali, na habari zake huulizwa kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Wazazi waliokwisha kuipita njia hiyo husema yafaa kufika hospitali asubuhi na mapema, na kwenda pamoja na mzazi mwingine.