Profesa, Leta Chanzo

Kila Mei Mosi wafanyakazi wetu hupita na mabango mbele ya jukwaa la wageni rasmi, na wachache kati yao wanajua kwamba sikukuu hiyo inafungamana na yaliyotokea Chicago mwaka 1886. Usiku wa Mei 4 mwaka huo, katika eneo la Haymarket, polisi walifika kutawanya mkutano wa wafanyakazi. Mtu ambaye hadi leo hajulikani kwa hakika akawarushia bomu. Wanaharakati wanane walishtakiwa, saba wakahukumiwa kifo, na wanne wakanyongwa Novemba 1887. Kwa miongo mingi vitabu vya historia vilisimulia kwamba kesi ile ilikuwa maigizo matupu, kwamba upande wa mashtaka haukuleta ushahidi wowote wa kuwahusisha washtakiwa na bomu.

Profesa Timothy Messer-Kruse, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State huko Ohio, naye alikuwa akifundisha hivyohivyo. Siku moja mwanafunzi wake akamuuliza: kama kesi ilichukua wiki sita na ushahidi haukuwepo, siku zote hizo walikuwa wakizungumza nini? Hakuwa na jibu. Akaenda kwenye kumbukumbu za mahakama, akazama humo kwa miaka kama kumi, akakuta mashahidi zaidi ya mia moja walisimama kizimbani. Kama baraza la wazee wa mahakama lilipima ushahidi huo kwa haki ni suala lingine, na wanahistoria wanabishana juu yake. Lakini kusema haukuwepo ni kosa.

Mwaka 2009 profesa aliingia Wikipedia ya Kiingereza, akaikuta sentensi ileile ya zamani, akaifuta na kueleza sababu zake. Baada ya dakika chache mabadiliko yake yalikuwa yametenguliwa. Akarudi na kutaja kumbukumbu za mahakama zenyewe. Akaambiwa hizo ni vyanzo vya msingi, na kamusi elezo hutegemea waandishi waliokwisha kuvichambua vyanzo vya aina hiyo. Basi akasubiri. Mwaka 2011 kitabu chake kuhusu kesi hiyo kikachapishwa, akarudi tena akijua kwamba sasa ana karata. Safari hii jibu likawa kwamba kitabu kimoja hakiwezi kuwashinda waandishi wengine wote. Maoni ya wachache hupewa nafasi ya wachache. Februari 2012 alisimulia kisa hicho katika gazeti la wanataaluma la Marekani, Chronicle of Higher Education, na hapo ndipo makala ya Haymarket ilipojadiliwa upya na kurekebishwa.

Anayesoma kisa hiki kwa mara ya kwanza huona upumbavu mtupu: kijana asiyejulikana, aliyejificha nyuma ya jina la bandia, anamfundisha kazi mtu aliyetumia miaka kumi kwenye nyaraka. Mimi naona jambo jingine pia. Yule mhariri hakudai kwamba anaijua Haymarket kuliko profesa. Alichokuwa akikilinda ni utaratibu, na utaratibu huo ulizaliwa kwa sababu nzuri.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia, iliyoanza mwaka 2000 chini ya Jimmy Wales, mhariri wake mkuu akiwa Larry Sanger. Ile ilikuwa kamusi elezo ya wataalamu hasa. Kila makala ilipita hatua saba za ukaguzi, na wakaguzi walitarajiwa kuwa na shahada za juu. Hadi inafungwa mwaka 2003 ilikuwa na makala zilizokamilika kama dazeni mbili tu. Wikipedia, iliyofunguliwa Januari 2001 kama uwanja wa kuandaa rasimu za Nupedia, iliruhusu yeyote aandike, ikamwacha mama yake mbali ndani ya miezi michache. Sanger aliondoka 2002, na baadaye akailaumu hadharani kwa kuwadharau wataalamu. Akaanzisha Citizendium, ambako watu walitakiwa kuandika kwa majina yao halisi na wataalamu kupewa kauli ya mwisho. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuifungua?

Sasa, mlango ukiwa wazi kwa kila mtu, utamjuaje profesa? Mwaka 2006 jarida la New Yorker lilimtaja mhariri mmoja mashuhuri wa Wikipedia aliyejiita Essjay, aliyekuwa akijitambulisha kama profesa wa dini mwenye shahada mbili za uzamivu. Katika mabishano alikuwa akizitumia shahada hizo kama rungu. Mapema 2007 ikafichuka kwamba alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na uprofesa wala uzamivu. Kabla ya hapo, mwaka 2005, wasifu wa mwanahabari mkongwe wa Marekani John Seigenthaler ulikuwa umekaa miezi kadhaa ukidai kwamba aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais Kennedy. Ulikuwa uzushi wa mtu mmoja aliyetaka mzaha.

Ndiyo maana wahariri wa kujitolea hawamuulizi mtu yeye ni nani. Wanamuuliza hilo ameliandika nani, wapi, na msomaji ataliona ukurasa upi. Hiyo ndiyo maana ya kanuni kwamba kila dai lithibitike na kwamba utafiti mpya haupokelewi. Kama karani wa masjala asiyejua sheria lakini anayejua kukagua muhuri, mhariri anaweza kukataa hati halali kwa sababu muhuri haujakaa sawa. Humlipi mshahara, hana shahada ya fani yako, na kabla ya kufika kwako ametengua matusi na uzushi kwenye kurasa kadhaa. Ukimwendea na kusema “mimi ndiye bingwa wa jambo hili,” umemwambia kitu alichokwisha kusikia kutoka kwa waongo.

Mwandishi Philip Roth aligonga ukuta huohuo mwaka 2012. Wikipedia ilieleza kwamba mhusika mkuu wa riwaya yake The Human Stain inadaiwa alichorwa kutokana na mwandishi Anatole Broyard. Roth akasema hapana, chimbuko lilikuwa kisa cha rafiki yake Melvin Tumin, profesa wa Princeton. Jibu likawa kwamba kauli ya mtunzi haitoshi; kitafutwe chanzo kingine. Akaandika barua ndefu ya wazi kwenye tovuti ya New Yorker, na barua hiyo ikawa chanzo. Inachekesha. Lakini tafakari kidogo: waandishi, wanasiasa na wenye makampuni wote wangefurahi sana kupewa kauli ya mwisho juu ya habari zao wenyewe.

Mahali ninapokosa subira na utaratibu huu ni pale unapogeuza ukimya wa magazeti kuwa hukumu. Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo huru vya kumhusu havitoshi. Oktoba 2 mwaka huohuo alitangazwa mshindi wa Nobeli ya Fizikia, mwanamke wa tatu tu katika historia ya tuzo hiyo. Mhariri alifuata kanuni. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa ameandika vya kutosha kumhusu, na hapo kamusi elezo ikarithi upofu wa wengine.

Ziko fani zilizoumaliza ugomvi huu kwa kazi. Madaktari wanaohariri Wikipedia ya Kiingereza walikubaliana na wahariri wengine juu ya masharti makali zaidi: kwa habari za tiba, mapitio ya tafiti nyingi hupewa uzito kuliko utafiti mmoja mmoja, hata ukiwa wa daktari anayehariri. Mwaka 2014 makala yao kuhusu homa ya dengi, ugonjwa ambao wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa, ilipitiwa na wataalamu na kuchapishwa katika jarida la Open Medicine. Hakuna aliyedai heshima mlangoni.

Huku kwetu mambo yako kinyume. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina maelfu mengi ya makala, wakabidhi (yaani wasimamizi) wanaohesabika kwa vidole, na kurasa chungu nzima ambazo bado ni mbegu za sentensi mbili tatu bila tanbihi hata moja. Profesa hafukuzwi huko, haonekani kabisa. Na akija na maarifa ya pwani, ya waganga, ya mafundi wa majahazi au ya nasaba za Lamu, atakuta mengi hayajachapishwa popote. Mwaka 2011 mtafiti wa India, Achal Prabhala, alijaribu kutumia mahojiano ya sauti na wanavijiji wa India na Afrika Kusini kama vyanzo vya makala. Wahariri wengi wa Wikipedia ya Kiingereza hawakuafiki.

Binafsi nadhani jibu letu tumekuwa nalo muda mrefu. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Miaka hiyohiyo Gilbert Gwassa na John Iliffe walihariri kijitabu cha kumbukumbu na masimulizi ya vita hiyo, Records of the Maji Maji Rising. Wazee wale hawapo tena, lakini maneno yao yana mwaka na ukurasa, na hakuna mhariri wa lugha yoyote anayeweza kuyakataa kwa hoja kwamba hayathibitiki.

Basi ndugu mhadhiri, ukiona kosa kwenye makala ya fani yako, usianze kwa kufuta. Fungua ukurasa wa majadiliano, onyesha sentensi yenye kosa, taja kitabu, mwaka na ukurasa, na wasifu wako uuache nyumbani. Kazi yako mwenyewe unaruhusiwa kuitaja, mradi imechapishwa na hujipigii debe. Tasnifu ya uzamivu hupokelewa. Ya uzamili hupita kwa taabu. Na kama utafiti wako umelala kabatini tangu siku ya mahafali, peleka nakala kwenye hazina ya mtandaoni ya maktaba ya chuo chako wiki hii, kisha urudi kwenye makala na kiungo chake mkononi.