Skuli za Bagamoyo na Watoto Wetu

Wanachama wengi wanaijua Bagamoyo kwa udugu na kwa biashara, kwani ni mji ulio mkabala wa Unguja, na majahazi yamevuka baina ya pwani ile na visiwa vyetu tangu zamani. Leo hatutasema khabari za majahazi wala za nazi. Tutasema khabari za skuli (wenyewe huko husema shule), maana Bagamoyo ni katika miji ya kwanza ya Bara kupata skuli, na yaliyoipata yatufaa sisi wakulima wa karafuu kuyafikiri.

Kwanza tusiseme kwamba watu wa pwani ile hawakujua kusoma mpaka walipokuja wageni. Vyuo vya Kurani vilikuwapo, na watu waliandikiana barua kwa herufi za Kiarabu. Kisha mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kaa Unguja, walivuka kwenda Bagamoyo. Wakaweka huko watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha kusoma na kuandika, na pamoja na hayo useremala, uashi na kazi ya shamba. Kimbunga cha mwaka 1872, kile kile kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba itangulie kwa zao hili, kilibomoa na majengo ya mapadre. Wakajenga tena.

Katika miaka ya 1890 tajiri mmoja wa Kihindi, Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Bagamoyo na kufa Unguja mwaka 1897, alijenga nyumba ya ghorofa kwa ajili ya skuli, akaikabidhi Serikali ya Kijerumani kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa mataifa yote. Jambo hilo kwa siku zile lilikuwa kubwa. Skuli hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Mwambao.

Basi majengo yalikuwapo mapema. Lakini jengo si elimu, kama vile gunia si karafuu. Mnunuzi hatazami gunia. Hulifungua, akatia mkono, akatazama kama karafuu zimekauka na kama makonyo yametolewa. Skuli nayo yataka kufunguliwa namna hiyo.

Baada ya uhuru Serikali ilijitahidi sana kuongeza idadi ya watoto. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, na skuli zikawa na mashamba. Mwaka 1974 likawekwa lengo la kila mtoto kuingia darasani ifikapo mwaka 1977, na kwa uchache wa walimu wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakisomesha. Ada iliondolewa mwaka 2001, na tangu Januari 2016 ikaondolewa na michango ya lazima. Kila mara madarasa yalijaa kuliko walimu waliokuwapo. Kiasi kilichokusudiwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, lakini mwenye kupita katika skuli nyingi za pwani atakuta wamezidi.

Je, watoto hao wanasoma? Mwaka 2011 shirika la Uwezo lilipima watoto majumbani mwao katika Tanzania Bara. Katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kiswahili, si Kiingereza! Na hawa ni watoto waliokuwa wakienda skuli. Ndipo mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yakapunguzwa, mkazo ukawekwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa jambo la busara, nalo lilichelewa.

Wengine husema kwamba dawa ni fedha. Ni kweli kwamba fedha ni chache: mwaka 2002 kila mtoto aliwekewa kiasi cha shilingi 10,000 kwa mwaka, na mwaka 2016 hesabu ilikuwa hiyo hiyo, na katika hizo 4,000 zilizuiliwa kwa vitabu. Mwenye kununua mchele anajua shilingi 10,000 za mwaka 2002 zilikuwa na nguvu gani. Lakini wataalamu walifanya jaribio katika skuli 350 za Bara mwaka 2013 na 2014. Skuli zilizopewa fedha peke yake, watoto wake hawakuzidi wenzao katika mtihani. Zile zilizopewa fedha, na walimu wake wakalipwa bakhshishi kwa kila mtoto aliyefaulu, watoto wake walizidi waziwazi. Mkulima hashangai: mbolea peke yake haipalilii shamba, na mpaliliaji asiyepewa haki yake hupalilia kando kando ya njia tu.

Sasa tuje kwetu. Mambo ya elimu ya Zanzibar yana wizara yake, na si haki kuyapima kwa hesabu za Bara. Lakini sisi tunalo letu, nalo ni mchumo. Karafuu zikiiva hazingoji, na mikono ya watoto ni myepesi katika kuchambua makonyo. Hivyo mtoto hukosa siku tatu, kisha wiki, na akirudi wenzake wamekwisha vuka ukurasa. Wa darasa la sita huenda akawafikia. Wa darasa la kwanza au la pili, ambaye ndiyo kwanza anaunganisha herufi, ni shida kuwafikia.

Basi tunawaomba wanachama, mchumo ujao, watoto wa madarasa hayo mawili wasitolewe skuli kabisa. Kuchambua na wachambue baada ya alasiri. Na jioni moja kila mzazi ampe mtoto wake kipande chochote cha Kiswahili asichokijua kwa moyo, amsikilize akisoma. Mzazi asiyejua kusoma amwite jirani amsikilizie. Mtoto wa darasa la tatu akikwama, mzazi aende kwa mwalimu wiki hiyo hiyo, kwa adabu, asingoje mtihani wa mwisho wa mwaka.