Maombi Yenye Nguvu Huanzia Kwenye Toba

Katika makanisa yetu siku hizi, nguvu ya maombi hupimwa kwa ukubwa wa sauti, urefu wa mkesha, au shuhuda za waliopata kazi, mchumba na viza. Si kosa kumwomba Mungu riziki. Bwana Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kuomba chakula cha kila siku. Lakini katika sala hiyo hiyo, ombi la chakula linafuatwa na ombi la msamaha, tena lenye sharti: nasi tuwasamehe waliotukosea.

Mstari unaotajwa sana kuhusu nguvu ya maombi ni Yakobo 5:16, unaosema kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana. Wengi huushika mwisho wake na kuuacha mwanzo, unaowaagiza waamini waungamiane dhambi zao na kuombeana ili waponywe. Mwenye haki wa Yakobo, basi, ni mtu ambaye hafichi makosa yake. Nabii Isaya, katika sura ya 1, anawaonya watu wanaozidisha maombi huku mikono yao imejaa damu: Mungu hawasikilizi, bali anawataka waache uovu na wamtetee yatima na mjane. Na katika Mathayo 5, mtu aliyekwisha fika madhabahuni anaambiwa aiache sadaka yake, akapatane kwanza na ndugu yake.

Afrika Mashariki ina historia yake ya kutufundisha jambo hili. Mwaka 1929, daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akitokea hospitali ya Gahini, Rwanda. Alikuwa amechoka mwili na roho, kwa maana nchi ile ilikuwa imepigwa na njaa kali. Hapo Namirembe alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akijua upungufu wake. Mkutano huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa chemchemi za Uamsho wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, Gahini haikubadilika kwa siku moja. Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali hiyo, alikuwa na manung'uniko mengi juu ya kazi. Alikwenda kwa Nsibambi akamweleza yote yaliyoharibika kule. Nsibambi akamrudisha kwenye moyo wake mwenyewe, na Kinuka akarejea Gahini akiwa ametubu. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wa uamsho.

Kutoka hapo moto ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama zake zilionekana nje ya ibada. Watu walirudisha mali walizoiba, walilipa madeni, waliwaomba radhi wake zao. Wamisionari wa Kizungu waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lililokuwa gumu katika enzi ya ukoloni. Na miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa uamsho katika Kenya ya kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Maombi hayakuwaepusha na kifo, bali yaliwapa uwezo wa kutochukia.

Kwa nini toba iwe na kazi kubwa hivyo? Kwa sababu mtu mwenye jambo analolificha huomba huku akijilinda. Anazungumza na Mungu juu ya adui zake, biashara yake na afya yake, lakini pale panapouma hapagusi. Akishaungama, hana tena cha kulinda. Hapo anaweza kusikia anaagizwa nini, na akatii. Ndiyo maana katika mfano wa Luka 18, Farisayo mwenye maneno mengi alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki, lakini mtoza ushuru aliyeomba rehema tu alihesabiwa.

Lazima tuseme pia jambo la kuumiza. Rwanda, ambako uamsho huu ulichipuka, ndiko yalikotokea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Urithi wa maombi hauchukui nafasi ya toba. Kila kizazi hutubu chenyewe, na toba isiyogusa chuki ya kabila, dhuluma na damu bado haijafika mahali pake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujaongeza saa za maombi, tazama ni nani unayemkwepa. Kama unadaiwa, nenda ukalipe au ukaeleze ukweli. Kama umemsema jirani vibaya, mwombe radhi. Mzazi aliyemwonea mtoto asione aibu kumwambia mwanawe, nisamehe. Nanyi wachungaji, msiishie kuwaombea watu wafanikiwe. Waongozeni pia kwenye ungamo, mkianza ninyi wenyewe. Kanisa linaloomba hivyo litaonekana kwa majirani zake, hata wale wasioingia ibadani.